Mrejesho: Nimemaliza ile roshani ya plaiwudi. Matundu 412, bledi 31 zimekatika

#1 Maranda (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mliokuwepo kwenye uzi wangu wa mwezi wa tatu, nikilia kwamba plaiwudi inanipasukia, nimerudi na mrejesho. Kazi imekwisha. Iko ukutani kwa mama tangu Jumapili.

Kwa wageni: mimi ni mhasibu, si seremala. Naishi Mbagala na nina mashine moja ya mtumba ambayo mke wangu ameibatiza cherehani ya mbao. Ukiiona hutabisha. Ina meza ndogo, mkono unaopita juu, na pale ambapo kwenye cherehani pangekaa sindano, hapa pamekaa bledi ya msumeno nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, imebanwa juu na chini, inapanda na kushuka. Bledi haiendi pembeni. Ubao ndio unaoifuata, unauzungusha kwa vidole kama fundi anavyozungusha kola ya shati.

Nilichokata ni sura ya mbele ya Zahanati ya Kale ya Mji Mkongwe, ile ya Mizingani inayotazama bahari, yenye roshani za kijani zilizojaa nakshi za kutoboa. Mama kazaliwa Malindi ya Unguja, mwaka huu katimiza miaka 70, na kila akitajiwa Unguja anaanza na jengo lile. Nilikwenda nikapiga picha kutoka ng'ambo ya barabara, nikaichora upya kwenye kompyuta kwa rangi mbili tu. Cheusi kinabaki, cheupe kinatoka.

Nimekata matabaka matatu ya ukubwa wa karatasi ya A3, yote milimita 3. La nyuma ni zima, halina kitu. La kati ni ukuta, milango na madirisha. La mbele ni roshani, nguzo, matao na zile nakshi za kuning'inia chini ya mapaa. Hilo la mbele peke yake ndilo lenye matundu 412. Nimeyahesabu mara mbili, mara ya kwanza kabla ya kuanza, nusura niahirishe.

Miezi miwili na nusu, jioni baada ya kazi na Jumamosi. Nitaeleza kila kitu, hata yale ya aibu, maana uzi ule wengine mliniambia nitaachia njiani.

---

#2 Mpita Njia

Bila picha hizi ni porojo kama porojo nyingine.

---

#3 Maranda

Mkuu, picha zinapanda, mtandao wa huku unajua mwenyewe. Kaa mkao wa kula.

---

#4 Kijana wa Ubungo

Napiga kambi hapa. Mkuu anza na mbao. Mimi kila nikinunua plaiwudi nyembamba, ikifika nyumbani imejikunja kama chapati.

---

#5 Maranda

Mbao ndiyo nusu ya kazi, na mimi nilijifunza kwa kupoteza shiti nzima.

Ile ya kwanza niliinunua ya bei ya chini, futi 4 kwa 8, nikaikatisha palepale dukani iingie kwenye bajaji. Kwa juu inang'aa. Ndani ni majanga. Plaiwudi ya milimita 3 ni tabaka tatu, na hizi za bei poa tabaka la juu na la chini ni jembamba kama ganda la kitunguu, halafu lile la kati limeungwaungwa vipande na kuachwa mapengo. Kwa kazi ya dari hilo halisumbui mtu. Lakini wewe unataka kuacha nguzo ya upana wa milimita 2, na chini ya nguzo hiyo kumbe kuna pengo. Bledi ikipita, nguzo inabaki ganda tupu. Ukiigusa, imekwenda.

Ya pili niliitafuta taratibu. Dukani nilikuwa naiinua shiti upande wa ukingo na kuichungulia kotekote kwa tochi ya simu, nikitafuta mapengo kwenye tabaka la kati. Muuzaji alidhani natafuta mchwa. Kama una uwezo wa kuagiza ile ya mti wa birch kutoka nje, hiyo ndiyo wenzetu wanayotumia kwa kazi hizi: ndani imejaa na haina mapengo mengi. Mimi sikuwa na uwezo huo. Nilipata ya hapahapa iliyotulia, nikachagua vipande vizuri, vilivyobaki nikatengenezea droo.

Kuhusu kujikunja: usiisimamishe ukutani. Ilaze chini juu ya sakafu kavu, weka ubao mzito juu yake, iache wiki nzima izoee hewa ya chumba. Dar hii, msimu wa masika, plaiwudi inakunywa unyevu kama sponji.

---

#6 Leza Tu

Mkuu heshima yako, lakini miezi miwili na nusu? Mimi nina mashine ya leza hapa mjini. Faili lako ungenitumia WhatsApp, ningekukatia lote kabla hujamaliza soda. Hiyo ni kujitesa.

---

#7 Mpita Njia

Hahahaa huyu kaja na tangazo kabisa.

---

#8 Maranda

Leza Tu, sina ugomvi na leza, na siku nikitaka vipande 50 vya kuuza nitakuja kwako. Ila mama angetaka ya leza? Alitaka kitu nilichokata mwenyewe. Halafu ile kingo ya kahawia iliyoungua, yenye harufu ya moshi, mimi siipendi. Hilo ni la ladha tu.

---

#9 Mzee wa Keko

Vijana salamu. Hilo la leza niongeze neno. Leza nayo haipendi plaiwudi mbovu. Ikikuta gundi imejikusanya ndani au kifundo cha mti, inashindwa kupita, unageuza kipande unakuta hakijatoka. Basi unarudi kwenye kisu. Kwa hiyo tusidharauliane, mbao mbaya inawashinda wote.

Maranda, hukusema umeanzia kukata wapi. Hapo ndipo nitajua kama ulifundishwa au uliotea.

---

#10 Maranda

Mzee wangu shikamoo. Niliotea, tena vibaya. Naeleza.

Tabaka la mbele la kwanza nilianza na matao makubwa. Nilitaka kuona kitu kinafanana na jengo, moyo utulie. Siku mbili tu matao yote yakawa nje, nikapiga picha nikamtumia mke wangu, mambo safi. Nikageukia nakshi ndogondogo za kingo za roshani. Kila nikiweka ubao mezani unatetemeka kama ngozi ya ngoma. Nimetoa nyama yote ya katikati, sasa kinachobaki hakina cha kukishika. Tundu la 60 hivi, ukingo mzima wa roshani ya juu ukapasuka.

Nikatupa. Nikaanza upya, safari hii nikianza na kidogo kuliko vyote katikati ya ubao, naenda nje, na matundu makubwa nikayaacha mpaka mwisho kabisa. Yale matao niliyoyakata siku ya kwanza, safari hii niliyakata wiki ya mwisho. Tangu hapo kabla ya kila tundu nilikuwa najiuliza jambo moja tu: nikishakitoa hiki, kile cha pembeni kitashikwa na nini?

---

#11 Mzee wa Keko

Marahaba. Sasa nimekuelewa. Hata mlango wa panel tunaanza hivyohivyo, hukati ulimi wa kuunganishia wakati ubao umeshakuwa mwembamba.

---

#12 Bi Malindi

Assalaam alaykum. Mimi sijui msumeno wala plaiwudi, nimeingia kwa sababu ya jina la jengo. Kaka umenikumbusha mbali.

Kwa wasiolijua: aliyelijenga ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa akisimamia forodha za Sultani. Lilianzwa 1887, mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria, na nia yake ilikuwa hospitali ya kuwatibu watu wasio na uwezo. Hakuliona limekwisha, kafariki 1891. Baadaye likanunuliwa na mtu mwengine, chini pakawa zahanati na duka la dawa, juu wakakaa watu. Sisi tulilikuta limechakaa, mbao zinaning'inia. Likatengenezwa upya miaka ya tisini na taasisi ya Aga Khan, kabla ya Mji Mkongwe kuingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000.

Na nikusahihishe kidogo kabla hawajakusahihisha wengine: watu wakiona nakshi ya Unguja wanasema "kama mlango wa Zanzibar". Mlango unachongwa kwa patasi, ubao unabaki mzima nyuma. Zile za roshani zimetobolewa, unaona mbingu upande wa pili. Ndiyo maana jua likipiga, kivuli chake ukutani ni kitu chengine.

---

#13 Maranda

Wa alaykum salaam dada. Hilo la kivuli ndilo nililolifuata. Matabaka sikuyabandika gundi moja kwa moja juu ya jingine. Katikati nimeweka vijiti vya unene wa sentimita 1, roshani ikasogea mbele ya ukuta. Taa ya sebuleni ikiwashwa, kivuli cha nakshi kinaanguka juu ya milango. Mama aliliona hilo kabla hajaona kitu kingine.

---

#14 Kijana wa Ubungo

Tuelezee kutoboa mkuu. Matundu 412 yote unaingizaje msumeno? Maana kingo zimefungwa.

---

#15 Maranda

Hapo ndipo palipo kazi yenyewe, kukata ni starehe tu.

Unabandika karatasi ya mchoro juu ya ubao. Mimi natanguliza ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, kisha gundi ya wanafunzi, kisha mchoro, na juu yake natandaza selotepu. Kazi ikiisha vyote vinabanduka kwa pamoja, ubao unabaki msafi. Selotepu inasaidia pia bledi isiunguze mbao, sijui ni ule utelezi wake.

Halafu kila sehemu nyeupe unaitoboa tundu la kuanzia. Biti yangu ya kutobolea ni milimita 1. Chini ya plaiwudi weka ubao chakavu, la sivyo biti ikitokea upande wa pili inatoka na vipande. Na ukimaliza kutoboa, geuza, pitisha msasa mgongoni! Mimi sikufanya hivyo mwanzo. Vile vichuguu vidogo kuzunguka kila tundu vinakwama kwenye meza ya mashine, unasukuma ubao hauendi, ukienda unaruka, mstari umeharibika.

Kisha: fungua kibano cha juu, pitisha bledi kwenye tundu kutokea chini, funga, kaza, kata, zima, fungua, chomoa. Mara 412. Mke wangu alikuwa anahesabu kutoka chumbani kwa mlio wa kibano.

Kumbe pia mashine nyingi za bei ndogo zinakuja na bledi zenye kipini cha kulala kila mwisho. Kipini hicho hakipiti kwenye tundu la milimita 1 hata umwombe. Yangu ilikuwa hivyo, ikabidi nitafute vibano vya kushika bledi isiyo na kipini. Ukienda kununua mashine, uliza hilo kabla ya kuuliza bei.

---

#16 Mbeba Boksi

Niongeze onyo kwa wanaotumiwa mashine na ndugu zao walioko huku Marekani. Mimi nilimtumia mdogo wangu Mwanza moja safi kabisa. Kaichomeka ukutani. Huku umeme ni volti 120, huko ni 230. Alisema ilizunguka kwa furaha sekunde chache halafu ikatoa moshi mweupe. Nunueni transfoma ya kushusha volti, au tuombeni tuwatumie pesa mnunue huko.

---

#17 Mpita Njia

"Ilizunguka kwa furaha" 😂😂 pole ya mdogo wako mkuu.

---

#18 Mwana wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi swala langu ni bledi. Huku kwetu nimezunguka maduka mpaka nimechoka, wanayo ya jigsaw tu, mijibledi mipana. Wewe za namba gani na umezitoa wapi?

---

#19 Maranda

Ndugu yangu, kwa plaiwudi ya milimita 3 nilitumia zaidi namba 1, na kwa kona kali kabisa 2/0, ambayo ni nyembamba zaidi. Namba ikipanda bledi inanenepa: 3, 5, 7. Wengi tunaanza na 5 kwa kuogopa kukatikiwa, tukidhani nene ndiyo salama. Kumbe nene haigeuki kwenye kona, inasukuma ubao badala ya kukata, na mwisho inavunja nakshi badala ya kuvunjika yenyewe. Afadhali ife bledi.

Tafuta zenye meno machache ya mwisho chini yaliyogeuzwa kuangalia juu. Hayo yanasafisha upande wa chini, usiote manyoya.

Niliagiza nje pakiti tatu. Zikaisha nikiwa tundu la mia mbili na kitu. Hapo akanisaidia sonara.

---

#20 Mwana wa Kisauni

Sonara wa dhahabu??

---

#21 Maranda

Huyohuyo. Nilikuwa nimempeleka mke wangu kurekebisha pete, Kariakoo. Nikaona kijana anakata jina kwenye bamba la fedha kwa kamsumeno ka mkono, kafremu kama upinde wa mtoto. Nikamwomba nione bledi. Urefu uleule, inchi 5, haina kipini, na pakiti imeandikwa 2/0. Nusura nimkumbatie.

---

#22 Sonara Mdogo

Nathibitisha mleta mada. Hizo ni za chuma, meno yake madogo mno. Kwa mbao zinakwenda ila polepole, na vumbi linaziba meno, zinaanza kuunguza. Sisi tunapaka nta. Sugua bledi kwenye kipande cha mshumaa kila baada ya dakika chache. Na ukiifunga hakikisha meno yanaangalia chini. Gusa kwa kidole kutoka chini kwenda juu, yakikukwaruza umeweka sawa.

---

#23 Maranda

Mshumaa ulifanya kazi kweli. Ila kwa kidole niliambulia damu, bosi.

---

#24 Mzee wa Keko

Na kuikaza? Wengi wanalegeza kwa huruma.

---

#25 Maranda

Nilikuwa mmoja wao, mzee wangu. Bledi ikilegea inapinda tumboni: juu unafuata mstari, chini bledi imekwenda njia yake. Sasa naikaza mpaka nikiidonoa kwa ukucha inalia kama waya wa gambusi, si kama kamba ya katani.

Kuna jambo jingine lilinitesa wiki nzima nikidhani mkono wangu una matatizo. Nasukuma ubao moja kwa moja, mkato unakwenda kulia. Narudia, kulia tena. Kumbe bledi hizi zikitengenezwa upande mmoja unabaki na ukali kidogo kuliko mwingine, basi zinavuta huko. Dawa yake ni kuuingiza ubao ukiwa umekaa mshazari kidogo, kila bledi na tabia yake. Baada ya matundu hamsini mkono unafanya wenyewe, hata hukumbuki.

Pia pima meza kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, kabla ya yote. Meza ikiinama hata nywele, tundu linakuwa pana juu na jembamba chini, na hutagundua mpaka umegeuza.

---

#26 Kijana wa Ubungo

Na ule ubao wa A3 unazungukaje kwenye mashine ndogo? Haugongi mkono wa nyuma?

---

#27 Maranda

Unagonga! Umeuliza vizuri. Mashine yangu kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma ni inchi 16, yaani kama sentimita 40. A3 kutoka pembe hadi pembe ni zaidi ya sentimita 51. Matundu ya katikati yanazunguka bila shida. Ya pembeni, nikigeuza ubao ili kufuata kona, pembe ya mbali inabamiza nguzo. Kwa hayo nilitumia bledi iliyosokotwa kama kamba, ina meno pande zote. Hiyo hugeuzi ubao, unausogeza tu mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ukingo wake ni mkwaruzo, sikupenda hata kidogo, nikamalizia kwa tupa ndogo. Matundu 38 hivi. Ukiyatafuta utayaona, nami sitakuonyesha.

---

#28 Mpita Njia

Mkuu ulisema kuna ya aibu. Mpaka sasa unajisifu tu.

---

#29 Maranda

Haya.

Nilikata shiti mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, zimefungwa tepu kingo zote. Kisa: shiti mbili zinakuwa nzito kidogo, bledi haikimbii, na unapata nakala mbili kwa kazi moja. Ya pili nilipanga nimpe dada yangu.

Tundu la 388, Alhamisi usiku, umeme ukakatika. Bledi iko ndani ya tundu, nakshi nusu imekatwa. Nikainuka kutafuta tochi. Swichi sikuizima. Mashine imenyamaza, nani anakumbuka swichi? Niko jikoni napapasa kwenye droo, umeme ukarudi.

Mlio niliousikia nilidhani mtu anapiga dufu sebuleni. Ubao haukushikwa na mtu, kwa hiyo bledi ikipanda inaunyanyua, ikishuka inaupiga mezani, na mashine ile inapiga zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Nilikimbia na kijiko mkononi, sijui kijiko nilikichukulia nini. Nilipofika kwenye swichi bledi ilikuwa imeshakatika na ubao uko chini ya meza.

Nilikaa sakafuni. Mke wangu akaja, akaangalia, akarudi kulala bila kusema neno. Nilimshukuru kwa hilo.

Asubuhi ndiyo nikapata moyo wa kufungua tepu. Shiti ya juu: nguzo tatu za roshani ya kushoto zimekatika, na pindo moja la nakshi chini ya paa limetoka kipande. Shiti ya chini: kushoto nzima, lakini tao la kulia limepasuka lote na ukingo wake umesagika.

Basi nikawa na wagonjwa wawili, kila mmoja mzima pale mwenzake alipoumia. Nguzo tatu na lile pindo nikavitoa kwenye shiti ya chini, nikavipandikiza juu. Na kwa sababu vilikatwa kwa njia moja ya bledi, vilikaa kama pacha. Gundi nyeupe ya maseremala kwa ncha ya kijiti cha meno, karatasi ya nailoni chini isigande na meza, kitabu cha kodi juu yake usiku kucha. Supagluu nilijaribu kwenye kipande cha majaribio, inaacha doa ambalo rangi na mafuta haviwezi kulificha vizuri.

Kipande kimoja cha urefu wa punje ya mchele kilipotea. Nilipepeta maranda ya sakafuni kwa chujio la chai. Nilikipata. Chujio ilibidi ninunue jipya.

Dada yangu hajui kama aliwahi kuwa na nakala.

---

#30 Leza Tu

Mkuu sasa nimekuheshimu. Kwa chujio la chai hilo sitaji tena leza kwenye uzi huu.

---

#31 Mzee wa Keko

Pole na hongera. Na wote mliosoma, somo la swichi halina mhasibu wala seremala. Mimi namjua mtu alipoteza kidole kwa randa ya umeme kwa mtindo huohuo. Umeme ukikatika, mkono wa kwanza ni swichi au plagi, tochi baadaye.

Umepaka nini mwishoni?

---

#32 Maranda

Roshani rangi ya kijani ya kopo la kupuliza, mikono mitatu myepesi, kwa sababu brashi inaziba matundu madogo. Ukuta na milango nilipaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, mbao ikapata rangi yenye joto. Nilibandika gundi kwanza ndipo nikapaka, maana gundi haishiki penye mafuta. Manyoya ya mgongoni niliyatoa kwa msasa wa namba 220 uliokunjwa na zile tupa.

---

#33 Mzee wa Keko

Kitambaa ulikitupa wapi?

---

#34 Maranda

Kwenye ndoo ya taka, kwani vipi?

---

#35 Mzee wa Keko

Mwanangu! Kitambaa chenye mafuta ya kitani ukikikunja ukakiacha, yale mafuta yakikauka yanatoa joto, joto likikosa pa kutokea kinawaka chenyewe. Bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke kikiwa wazi, au kiloweke kwenye ndoo ya maji. Nenda kakiangalie sasa hivi, nasubiri.

---

#36 Maranda

Nimerudi. Taka zilishachukuliwa tangu juzi. Mzee wangu, usiku huu sijui kama nitalala. Asante.

---

#37 Mpita Njia

Picha zimepanda! Aisee. Naomba radhi kwa neno porojo. Ile nakshi ya chini ya paa ni kama lesi ya kitambaa cha meza.

---

#38 Bi Malindi

Mashaallah. Nimekuza picha mpaka simu imechoka. Umekosea kitu kimoja kwenye mlango wa chini lakini nakusamehe. Mama kasemaje?

---

#39 Maranda

Mama aliweka miwani, akasogea, akashika nguzo moja moja kwa kidole kama anayehesabu. Kwa bahati mbaya au nzuri hakusimama kwenye zile tatu. Kisha akarudi nyuma mpaka ukuta wa pili, akatazama kwa muda.

Akasema, "Mbona hamna nguo?"

Nikamuuliza nguo gani. Akasema enzi zake akipita pale na ndoo, roshani ile ya juu kulia palikuwa hapakosi kanga imeanikwa. Ilikuwa inaning'inia mpaka inagusa nakshi, na mama mmoja alikuwa anawafokea watoto kutoka hukohuko juu. Nyumba bila nguo aliona kama imehamwa.

Kwa hiyo jana usiku niliwasha mashine tena. Nimekata kanga ya sentimita 2 kutoka kwenye ile shiti ya chini iliyobaki, yenye mkunjo katikati, na pindo limetobolewa vitundu saba vya milimita 1. Nitaipeleka Jumamosi.

---

#40 Bi Malindi

Umeniliza kaka. Iandikie jina.

---

#41 Mwana wa Kisauni

Hiyo kanga umekata kwa bledi namba ngapi?

---

#42 Maranda

2/0 ya sonara, na mshumaa. Zimekatika mbili. Sasa ni 33.